Programu ya kupokelea asali Sikonge: uchambuzi wa kisa cha msanidi anayeanza

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha binti mmoja mkazi wa Tabora mjini, aliyejifunza mwenyewe kuandika programu za simu kwa lugha ya Kotlin. Programu yake ya kwanza kutumiwa na mtu mwingine ilikuwa ya kuandikisha asali inayoletwa na wafugaji nyuki katika kituo kidogo cha kikundi kimoja wilayani Sikonge, kusini mwa mji huo. Programu ina skrini tatu tu. Nimepitia msimbo wake wote pamoja na daftari ambalo ilikusudiwa kulisaidia, na ninaona kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa mambo mengi yaliyomsumbua huwapata waanzaji wengi na ni machache kati ya hayo yanayoguswa katika masomo ya video ambayo wengi huanzia. Masomo hayo hufundisha kupanga skrini na kuunganisha vitufe. Hayafundishi namna ya kutunza kumbukumbu ambazo ni mali ya mtu mwingine, na kwa maoni yangu kazi ya msanidi huanzia hapo hasa.

Kituo na daftari lake

Msitu wa miombo wa Sikonge ni miongoni mwa maeneo yanayoipa Tabora sifa ya asali, na wafugaji wengi wa huko bado hutundika mizinga ya magome na ya magogo, ingawa mizinga ya kisasa nayo imeongezeka. Msimu mkubwa wa kurina huangukia kiangazi. Katika miezi hiyo asali hufika kituoni ikiwa kwenye ndoo za plastiki zilizofungwa nyuma ya baiskeli au pikipiki, hupimwa kwenye mizani, na katibu wa kikundi huandika katika daftari lake kubwa tarehe, jina, kilo, bei ya siku hiyo, jumla ya fedha, na kama mhusika amelipwa au bado anadai. Malipo mara nyingi husubiri mnunuzi afike, kwa hiyo deni la kikundi kwa mfugaji mmoja linaweza kukusanyika kutoka mapokezi kadhaa kabla ya shilingi kutoka mkononi mwa mtu yeyote.

Katibu huyo ni mjomba wa binti. Wazo la kwanza alilompelekea mjomba wake lilikuwa kubwa mno: soko la asali la nchi nzima ndani ya simu, lenye akaunti za wauzaji na wanunuzi, picha, ramani, ujumbe na malipo ya moja kwa moja. Alimweleza kwa furaha, na jibu alilopewa ndilo lililoipa programu sura yake.

“Ni jambo zuri, mpwa wangu,” katibu alisema, “ila mtu akija hapa kituoni hataki ramani. Ananiuliza, ‘Katibu, mpaka leo nimeleta kilo ngapi, na nadai kiasi gani?’ Hapo ndipo ninapopekua daftari mpaka watu kwenye foleni wananuna.”

“Kwa hiyo, mjomba, nikikupa jibu la swali hilo peke yake litakutosha?”

“Litanitosha kabisa.”

Nimeyanukuu mazungumzo haya kama binti alivyonisimulia kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo mwanzaji hulipata kwa nadra: swali moja, lenye mwenyewe, linaloulizwa kila siku. Kuandika halikuwa tatizo, maana katibu anaandika upesi na hati yake inasomeka vizuri. Tatizo lilikuwa kujumlisha mistari ya mtu mmoja iliyotawanyika katika kurasa nyingi, na kazi hiyo simu huifanya kwa kufumba na kufumbua. Kila kipengele ambacho hakikusaidia kujibu swali hilo kiliondolewa, hata namba za simu na namba za vitambulisho vya wafugaji ambazo binti alikuwa amezipangia nafasi. Naunga mkono uamuzi huo kwa sababu ya pili pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na njia nyepesi kuliko zote ya kulinda taarifa binafsi za watu ni kutozikusanya pasipo na haja. Nafasi ya kuandika kiwango cha maji katika asali nayo iliondolewa. Kipimo hicho ni muhimu, kwani kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa asali ya kawaida hakiruhusu maji yazidi asilimia 20 na asali yenye maji mengi huchacha, lakini kikundi hakikuwa na chombo cha kukipima, na nafasi isiyojazwa na mtu huwa uchafu kwenye skrini.

Vifaa vya kazi

Kompyuta yake ina RAM ya GB 4, ilhali Android Studio, programu ya kompyuta inayotumiwa kutengenezea programu za Android, huhitaji angalau GB 8. Ilimpasa kuacha kabisa simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta na kujaribia kila kitu kwenye simu halisi kwa kebo, baada ya kugusa namba ya toleo la mfumo mara 7 ndani ya mipangilio ili kufungua sehemu ya wasanidi. Ningemshauri hivyo hata kama kompyuta ingekuwa na nguvu, kwa maana simu ya kuigiza haipigwi na jua wala haiishiwi chaji. Maktaba za programu alizipakua mara moja kwa bando la usiku, kisha akaweka mfumo wa ujenzi, unaogeuza msimbo kuwa programu, katika hali ya kutotumia intaneti ili usipakue tena bila kuombwa.

Kotlin ilikuwa chaguo sahihi. Google iliitambua rasmi kwa Android mwaka 2017, na tangu 2019 huipa kipaumbele, kwa hiyo mifano ni mingi. Upo pia mfumo wa MIT App Inventor, ambao mtu hupanga vipande vya maelekezo bila kuandika msimbo, na kwa skrini tatu ungeweza kutosha, lakini kuutumia kwa kawaida hutaka kompyuta iwe kwenye intaneti wakati wote wa kazi, na gharama hiyo hakuimudu. Kumbukumbu aliziweka katika SQLite, hifadhidata iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 na ambayo tayari imo ndani ya kila simu ya Android. Hifadhidata nzima ni faili moja inayokaa ndani ya simu na haihitaji mtandao, jambo la lazima kituoni hapo, ambapo mtandao huja na kupotea.

Umbo la kumbukumbu

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu makosa ya skrini hurekebishika kwa dakika chache, ilhali makosa ya umbo la kumbukumbu hugunduliwa baada ya miezi, wakati kumbukumbu zimekwisha kuwa nyingi.

Jedwali la kwanza alilobuni lilikuwa moja tu, la wafugaji, na kila mfugaji alikuwa na safu ya jina na safu ya jumla ya kilo. Asali ikipokelewa, programu iliongeza kilo kwenye jumla na kuihifadhi. Mpango huo unajibu swali la katibu, tena kwa haraka, lakini unaua ushahidi. Mfugaji akisema ameleta ndoo nne na simu ikionyesha kilo za ndoo tatu, hakuna mahali pa kutazama, kwani jumla haikumbuki ilitokana na nini. Daftari la karatasi lilikwisha kulitatua jambo hili zamani: kila mapokezi yana mstari wake na tarehe yake, na katibu akikosea hafuti, bali hukata mstari kwa kalamu na kuandika upya chini yake, ili aliyekagua jana na atakayekagua kesho waone kilichotokea. Binti alipolisoma daftari kwa makini, badala ya kulitazama kama kitu cha kale kinachongoja kuondolewa, alibuni majedwali mawili. Moja ni la wafugaji na jingine ni la mapokezi, na kila pokezi lina tarehe, namba ya mfugaji, uzito na bei. Jumla haihifadhiwi popote. Hukokotolewa kila inapoulizwa. Kosa likitokea, mstari hauondolewi, hupewa alama ya kubatilishwa, na hesabu huuruka.

Suala la vipimo lilifuata. Watu kituoni huzungumza kwa ndoo, lakini ndoo si kipimo cha kuaminika: ndoo ya lita 20 ikijaa asali huwa na takribani kilo 28, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji kwa karibu mara 1.4, na si kila ndoo hujaa. Programu ikachukua kilo peke yake, pamoja na nafasi ya kutoa uzito wa ndoo tupu, ambao mwanzoni ulisahaulika na ungeongeza plastiki kwenye deni la asali.

Kilo nazo zina desimali, na desimali katika kompyuta zina mtego wake. Namba za aina hiyo huhifadhiwa kwa mfumo wa jozi ambao hauwezi kuandika sehemu ya kumi kikamilifu, ndiyo maana 0.1 ukijumlisha na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Kwa mstari mmoja tofauti hiyo haionekani, ila haifai kuachwa katika hesabu ya deni la mtu. Binti alifuata kanuni nzuri ya kuhifadhi uzito kwa gramu, kama namba kamili, na fedha kwa shilingi, pia kama namba kamili. Kilo 27.4 huandikwa gramu 27,400, na desimali hurudishwa kwenye skrini tu.

Kanuni hiyo sahihi ilizaa kosa ambalo ni funzo kubwa kuliko yote katika msimbo huu. Kabla ya msimu kuanza, katibu alitaka kuona kama simu ingelingana na daftari la msimu uliopita, akampa mpwa wake mfugaji mmoja mkubwa mwenye jumla ya kilo 400. Bei ya majaribio iliwekwa shilingi 7,000 kwa kilo, na jibu lililotarajiwa ni shilingi 2,800,000. Simu ilionyesha shilingi 1,494,967, na mbele yake alama ya kutoa. Kwa maneno mengine, mfugaji aliyeleta kilo 400 ndiye aliyeonekana kudaiwa na kikundi.

Chanzo ni hiki. Namba kamili ya kawaida katika Kotlin, inayoitwa Int, ina mwisho wake: 2,147,483,647. Programu ilizidisha gramu 400,000 kwa 7,000 kabla ya kugawa kwa 1,000, na jibu la 2,800,000,000 likavuka mpaka huo. Kotlin haipigi kelele mpaka huo unapovukwa. Namba huzunguka na kuanzia upande wa hasi, ikawa −1,494,967,296, nayo ikagawanywa kwa 1,000 kama vile hakuna kilichotokea. Ndoo moja moja isingeonyesha kosa hili hata mara mia, na majaribio yote ya binti yalikuwa ya ndoo moja moja. Tiba ilikuwa kubadili aina ya namba kuwa Long, ambayo mpaka wake unapita mbali mizani zote za Tabora. Kosa lenyewe lilifichuliwa na katibu kwa kutaka majaribio yafanywe kwa namba za kweli kutoka daftari la kweli, na sidhani kuna njia ya kujaribu programu ya kwanza iliyo bora kuliko hiyo.

Mikono yenye asali

Kuhusu skrini nitasema machache. Anayepokea asali ana asali mikononi, hata akijifuta, na kioo cha simu chenye utando wa asali hukisoma kidole vibaya. Uchapaji wa majina uliondolewa. Mfugaji huchaguliwa katika orodha yenye mistari minene, na tarakimu hubonyezwa kwenye vitufe vikubwa vilivyojaza nusu ya skrini. Orodha ilitibu pia tatizo la jina moja kuandikwa kwa namna tatu katika daftari, na kwa kuwa majina hufanana katika ukoo mmoja, kila mfugaji ana namba na jina la kitongoji chake kando.

Kosa moja la hapa lilikuwa la hatari. Katika Android, simu ikigeuzwa upande, kwa kawaida skrini nzima huvunjwa na kujengwa upya. Maandishi yaliyo katika visanduku vyenye kitambulisho hurudishwa, bali thamani iliyokaa katika kigeu cha kawaida, yaani nafasi ya muda ya kuwekea thamani ndani ya msimbo, hupotea. Binti alikuwa ameweka mfugaji aliyechaguliwa katika kigeu ambacho thamani yake ya kuanzia ilikuwa mtu wa kwanza katika orodha. Katibu alipoinua simu ili kuikwepesha na jua, simu iligeuka, uzito ukabaki, mtu akabadilika. Hili pia lilionekana katika majaribio. Marekebisho yake yalikuwa mawili: chaguo lilihamishiwa katika ViewModel, sehemu ya kutunzia hali ya skrini ambayo haivunjwi kwa kugeuza simu, na thamani ya kuanzia ikawa tupu, ili programu ikatae kuhifadhi mapokezi yasiyo na mwenyewe. La pili ndilo ninalolithamini zaidi. Programu isiyojua ni asali ya nani haina ruhusa ya kukisia.

Kumbukumbu zilivyopotea

Katikati ya msimu, kompyuta ya binti iliharibika chaji. Katibu alikuwa ameomba orodha ipangwe kwa kitongoji, kwa hiyo binti alihamishia msimbo kwenye kompyuta ya rafiki yake, akafanya marekebisho, akajenga faili mpya ya APK, yaani faili ya kusakinishia programu ya Android, na kuituma kwa WhatsApp. Simu ya katibu ilikataa kuisakinisha, ikisema tu kwamba programu haikusakinishwa. Kijana aliyekuwapo kituoni, kwa nia njema, alishauri ile ya zamani iondolewe kwanza. Iliondolewa, mpya ikasakinishwa bila shida, na ilipofunguliwa haikuwa na mfugaji hata mmoja.

Kila programu ya Android hutiwa saini kwa ufunguo wa kidijitali, na simu hukubali toleo jipya juu ya la zamani pale tu saini zinapolingana. Ulinzi huo una maana kubwa, kwa kuwa bila huo mtu yeyote angeweza kutengeneza toleo bandia la programu ya mwenzake na kusoma kumbukumbu zake. Lakini mwanzaji anapojenga programu ya majaribio, Android Studio humtilia saini kwa ufunguo wa majaribio inaoutengeneza yenyewe kimyakimya, na kila kompyuta hutengeneza wa kwake. Binti hakuwa amewahi kuuona ufunguo huo, kwa hiyo hakujua kwamba kuhama kompyuta ni kuhama saini. Programu inapoondolewa, faili ya SQLite iliyo ndani yake hufutwa pamoja nayo. Android ina utaratibu unaohifadhi nakala wenyewe tangu toleo la 6, ila kwa kawaida husubiri simu itulie na iwe kwenye Wi-Fi, na simu ya katibu haikuwahi kuunganishwa na Wi-Fi.

Kilichookoa msimu ni sharti ambalo katibu aliliweka tangu siku ya kwanza: msimu mzima wa kwanza daftari liendelee kuandikwa, na simu ifuate daftari. Mistari yote iliingizwa upya kutoka kwenye karatasi, binti akisomewa na mjomba wake, na hakuna mfugaji aliyepoteza kilo. Wapo watakaosema kuandika mara mbili ni kupoteza muda. Siwaungi mkono. Programu ya kwanza ya mwanzaji haistahili kuwa mahali pekee panapohifadhiwa madai ya watu, na anayeipokea ana haki ya kuidai hadhari hiyo bila kuonekana mwoga wa teknolojia.

Baada ya hapo binti alitengeneza ufunguo wake rasmi na kuweka nakala zake sehemu mbili tofauti pamoja na nywila yake. Aliongeza pia kitufe kinachotoa mapokezi yote katika faili ya CSV, yaani maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa mkato, ambayo katibu huituma kila jioni mtandao unapopatikana kwa mweka hazina. Faili hiyo husomeka katika programu yoyote ya majedwali, hata kama programu ya binti isingekuwapo tena. Kitufe hicho kilipaswa kuwamo katika toleo la kwanza, kabla ya orodha nzuri na kabla ya rangi.

Kuhusu kuiweka programu katika Google Play, nilimshauri asubiri. Usajili hugharimu dola 25 mara moja tu, lakini akaunti mpya za watu binafsi zilizofunguliwa tangu Novemba 2023 hutakiwa kwanza kuwa na kundi la wajaribu kwa siku 14 mfululizo; idadi yao ilikuwa 20, ikapunguzwa kuwa 12 mwishoni mwa 2024. Kwa programu inayotumika kwenye simu moja ya kituo kimoja, nguvu hiyo itumike kwanza kwingine.

Na kwingine kupo. Kikundi sasa kinataka kupokea nta pia, ambayo ina bei yake, kwa hiyo jedwali la mapokezi linahitaji safu mpya ya aina ya zao. Maktaba ya Room, aliyoitumia kuandika na kusoma SQLite, humtaka msanidi aandike hatua za kuhama kutoka umbo la zamani kwenda jipya, na endapo hataziandika, programu huanguka inapofunguliwa. Ipo njia ya mkato ambayo mifano mingi huionyesha, inayoiruhusu Room kufuta kila kitu na kuanza upya. Katika simu ya mwanafunzi haina madhara, katika simu ya katibu ingerudia hasara ileile bila hata mtu kuondoa programu. Binti ameandika hatua moja, ya kuongeza safu na kuipa mistari yote ya zamani thamani ya asali. Tumekubaliana aijaribu kwenye simu ya pili iliyojazwa nakala ya CSV ya msimu mzima, jumla ya kila mfugaji ilinganishwe na daftari mstari kwa mstari, na toleo lisitumwe Sikonge kabla katibu mwenyewe hajaweka tiki kwenye ukurasa wa mwisho.